Mtego Uliojaa Haunasi

Wahenga walituachia methali isemayo: mwenye kovu usidhani kapoa. Aghalabu methali hii hutajwa pale binadamu aliyetendwa vibaya anapoonekana amesahau, kumbe jeraha limefunga juu tu na ndani kungali kubichi. Leo ningependa kuihamisha methali hii kutoka kwa binadamu na kuipeleka mlimani. Mlima ulioungua nao huwa na kovu. Watu waishio chini yake huona moto umezimwa, moshi umetoweka na wazimamoto wamekunja mipira yao ya maji, wakashukuru kwamba hatari imepita. Iliyopita ni hatari ya kwanza. Ya pili ingali kule juu, inangoja mvua.

Mahali ambapo jambo hili limejulikana na kushughulikiwa kwa muda mrefu ni kusini mwa jimbo la California, nchini Marekani. Huko safu za milima ya San Gabriel na Santa Ynez zimesimama kwa mwinamo mkali juu ya miji, na miji yenyewe imepanda mpaka kwenye midomo ya makorongo. Majira ya joto huwa makavu kabisa. Milima imevikwa vichaka vigumu viitwavyo chaparali, ambavyo majani yake yana mafuta na nta, na msimu wa vuli unapofika, pepo kavu huvuma kutoka bara kuelekea baharini. Cheche moja hutosha. Kisha, kati ya Novemba na Machi, huja mvua. Hivyo basi kalenda ya huko imeufuatanisha moto na mvua kama mtu na kivuli chake, na pengine muda unaovitenga viwili hivyo huwa majuma machache tu.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini mlima ulioungua uteremshe tope kuliko mlima wenye vichaka? Sababu ni tatu. Kwanza, majani yaliyokuwa yakipunguza nguvu ya matone ya mvua hayapo tena, na mizizi iliyokuwa ikiushika udongo hufa. Pili, mawe na changarawe vilivyokuwa vimeegemea mashina ya vichaka huanza kuporomoka vyenyewe, hata kabla ya tone moja la mvua, vikarundikana katika vijito vilivyokauka. Tatu, na hili huwashangaza wengi, moto mkali huigeuza nta ya majani kuwa mvuke. Sehemu ya mvuke huo hupenya ardhini, ikapoa na kuganda sentimita chache chini ya uso wa udongo, na kufanya utando unaoyakataa maji. Mvua inyeshapo, udongo wa juu hulowa upesi, maji yakakutana na utando huo, yakakosa pa kwenda, yakateremka pamoja na udongo wenyewe. Watafiti wa Idara ya Jiolojia ya Marekani wanaeleza kwamba katika maeneo yaliyoungua, mvua ya milimita 7 tu kwa muda wa nusu saa imewahi kutosha kuanzisha balaa. Hiyo ni mvua ambayo kwetu Kericho au Kitale haimzuii mtu kwenda sokoni.

Kinachoteremka si mafuriko kwa maana tuliyoizoea. Hapa msomaji aniwie radhi nikiingia kidogo katika uwanja wa taaluma yangu ya isimu, kwani jina la kitu huathiri namna tunavyokiogopa. Tukisema mafuriko, tunafikiria maji yanayopanda polepole, yanayompa mtu fursa ya kuokoa godoro lake. Tukisema maporomoko ya ardhi, tunafikiria kipande cha mlima kilichomeguka mahali pamoja kikaanguka. Hiki ni kitu cha tatu. Ni maji, majivu, udongo, magogo na majabali vilivyochanganyika vikawa vizito kama saruji iliyokorogwa, vikashuka korongoni kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuishinda kwa miguu. Uzito wa mchanganyiko huo ndio unaouwezesha kubeba majabali yenye ukubwa wa gari na kuyatupa sebuleni mwa watu. Nitauita mtiririko wa tope na mawe. Ni jina refu, lakini halimdanganyi anayelisikia.

Wahandisi wa California walipotafuta njia ya kukabiliana na jambo hili, hawakujaribu kuuzuia mlima usiteremke. Walichimba mashimo makubwa kwenye midomo ya makorongo, juu kidogo ya makazi ya watu, na kwa upande wa chini wakajenga ukingo imara. Ndani ya shimo husimama mnara wenye matundu. Tope linapoingia shimoni, mwendo wake hupungua. Mawe, magogo na mchanga hutua, nayo maji hupita katika matundu ya mnara na kuendelea na safari yake kwenye mfereji. Juu ya ukingo huwekwa njia ya dharura ya kupitishia kile kinachozidi. Ingekuwa rahisi kuyaita mashimo haya mabwawa, lakini neno hilo lingetupotosha. Bwawa husifiwa likiwa limejaa, ilhali shimo hili husifiwa likiwa tupu. Kwa hiyo nitaliita mtego wa tope, kwa kuwa linafanana na mtego katika jambo la msingi kabisa: mtego uliokwisha kunasa haunasi tena mpaka utegwe upya. Mwindaji aliyenasa paa jana, asipomtoa paa huyo, leo hana mtego. Ana mzoga.

Mitego hii ilienea kutokana na msiba. Novemba 1933 moto uliunguza miteremko ya milima ya San Gabriel juu ya La Crescenta na Montrose, kaskazini mwa mji wa Los Angeles. Majuma machache baadaye mvua kubwa ilinyesha, na usiku wa kuamkia Januari 1, 1934, watu walipokuwa wakiukaribisha mwaka mpya, makorongo yakaachilia tope lake. Watu zaidi ya 40 waliangamia na nyumba mamia kadhaa zikaharibiwa. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamekimbilia katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu, wakiamini kwamba wamefika penye usalama. Baada ya hapo, idara ya kudhibiti mafuriko ya Kaunti ya Los Angeles ilizidisha kazi ya kuchimba mitego, na leo kaunti hiyo ina mitego zaidi ya 150 iliyopangwa chini ya milima.

Hata hivyo, kuchimba ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi, kwani hufanywa mara moja. Nusu ya pili haina mwisho. Kaunti hiyo ilijiwekea kanuni ambayo ningependa walimu wa jiografia na hisabati waiandike ubaoni. Ikiwa bonde lililo juu ya mtego halijaungua, mtego huzolewa mashapo yanapofika asilimia 25 ya ujazo wake. Lakini ikiwa bonde hilo limeungua katika miaka 5 iliyotangulia, mtego huzolewa mashapo yanapofika asilimia 5 tu. Tuitafakari kanuni hii. Mtego ambao asilimia 95 yake ni tupu, machoni pa mpita njia, ni mtego usio na kasoro. Machoni pa mhandisi anayejua kwamba mlima ulio juu yake una kovu bichi, mtego huo umekwisha kupoteza kitu cha thamani, nao wahitaji matingatinga na malori kabla wingu halijafika.

Na kazi ya kuzoa si kazi ya mzaha. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mtego wenye ujazo wa mita 50,000 za mraba wa tatu, yaani mita za ujazo, ukijaa pomoni, na kila lori libebe mita za ujazo 10, basi malori yatasafiri mara 5,000 kuumaliza. Malori hayo yatapita katika vijia vyembamba vya mitaa ya watu, yakitimua vumbi na kupasua lami, huku watabiri wa hali ya hewa wakitangaza kwamba mvua nyingine itafika baada ya siku 4. Katika msimu mmoja mtego mmoja waweza kujaa na kuzolewa zaidi ya mara moja. Anayezoa hushindana na mbingu, na mbingu hazina ratiba.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana baada ya moto ulioitwa Station, uliozuka Agosti 2009 na kuteketeza hekta zipatazo 65,000 katika milima hiyo hiyo ya San Gabriel. Wazimamoto 2 walipoteza maisha yao. Alfajiri ya Februari 6, 2010, mvua ilishuka kwa nguvu kuliko ilivyotabiriwa. Huko La Cañada Flintridge, jabali moja liliziba njia ya kutolea maji ya mtego uitwao Mullally. Mtego ukajaa, tope likapanda juu ya ukingo na kuteremka barabarani, likayasukuma magari kama vitu vya kuchezea watoto. Nyumba zaidi ya 40 ziliharibiwa. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyefariki. Tusisahau kwamba eneo hilo halikukosa mtego, wala kaunti haikukosa wahandisi au fedha. Kilichokosekana asubuhi ile ni tundu lililo wazi.

Msiba mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ulitokea Montecito, mji wa watu wapatao 9,000 katika Kaunti ya Santa Barbara. Desemba 4, 2017 ulizuka moto uliopewa jina la Thomas. Uliunguza hekta zipatazo 114,000, eneo linalozidi mara moja na nusu ukubwa wa Kaunti ya Nairobi, na kwa wakati huo ulikuwa moto mkubwa kuliko wote uliopata kurekodiwa katika California. Montecito ilikuwa na mitego yake, iliyojengwa baada ya moto mwingine wa 1964. Katika majuma ya Desemba, moto ukiwa bado unawaka kwingineko, wafanyakazi wa kaunti waliingia makorongoni wakazoa mitego na kusafisha vijito. Walijua kilichokuwa kikija.

Kilikuja Januari 9, 2018, kabla ya mapambazuko. Mvua ya zaidi ya milimita 13 ilishuka katika muda wa dakika 5. Kutoka katika makorongo kadhaa kwa wakati mmoja, tope na mawe vilivyokadiriwa kufika mita za ujazo 680,000 viliteremka. Mitego ilijaa mara moja, ikamwagika. Watu 23 walikufa, wakiwamo 2 ambao miili yao haikupatikana katika siku zile za msako. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa au kubomolewa kabisa, na barabara kuu iendayo Los Angeles ikafungwa kwa karibu majuma mawili.

Asemaye kwamba kwa hiyo kuzoa mitego ni kazi bure atakuwa ameharakisha. Mitego ya Montecito ilikuwa midogo mno kwa mlima uliokuwa juu yake, na hilo ni kosa la vipimo. Lakini kila mita ya ujazo iliyobaki ndani ya mtego usiku ule ni mita ambayo haikuingia katika chumba cha mtu kulala. Kama mitego ingekutwa nusu imejaa, hesabu ya waliokufa isingepungua.

Pana funzo jingine hapa, nalo linahusu maneno. Kabla ya mvua hiyo, wakuu wa kaunti waliligawa eneo kwa kutumia barabara ya jimbo nambari 192. Waliokuwa kaskazini yake, karibu na mlima, waliamriwa kuondoka kwa lazima. Waliokuwa kusini yake waliambiwa waondoke kwa hiari. Tope halikuisoma ramani hiyo. Liliivuka barabara, na nyumba nyingi zilizovunjwa zilikuwa katika eneo la hiari. Sasa fikiria, msomaji mpendwa, neno hiari linavyosikika katika masikio ya mtu aliyechoka, ambaye amekwisha kuhamishwa mara moja au mbili wakati wa moto, na ambaye kitanda chake kina joto. Hiari ni ruhusa ya kubaki. Baada ya msiba huo neno lile liliachwa. Siku hizi California hutumia maneno mawili: amri ya kuhama na onyo la kuhama. Onyo halimwambii mtu kwamba uamuzi wa kubaki una uzito sawa na uamuzi wa kuondoka.

Mvutano wa maneno uliendelea hata baada ya mazishi. Mikataba mingi ya bima ya nyumba hulipa hasara ya moto lakini hukataa hasara ya mafuriko na ya kusogea kwa ardhi. Je, nyumba iliyojazwa tope Januari iliharibiwa na nini? Ukiiita hasara hiyo mafuriko, mwenye nyumba hapati chochote. Ukisema kwamba chanzo chake kikuu ni moto wa Desemba, hulipwa. Mwishoni mwa Januari 2018, Dave Jones, aliyekuwa kamishna wa bima wa jimbo hilo, aliyakumbusha mashirika ya bima kwamba sheria ya California huangalia chanzo kikuu cha hasara, na kwamba ikiwa moto ndio uliouandaa mlima kuteremka, basi hasara yaweza kuhesabiwa kuwa ya moto. Kwa maneno mengine, sheria ilikubaliana na wahenga wetu: kovu na jeraha ni kitu kimoja.

Baada ya Januari 9 mitego yote ilikuwa imejaa, na msimu wa mvua ulikuwa umebakiza miezi. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kiliitwa kusaidiana na kaunti, na kwa zamu wakaanza kuzoa. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa karibu pa kutosha, sehemu ya tope ilipelekwa katika fuo za Goleta na Carpinteria na kumwagwa baharini. Wakazi wa huko walilalamika kwamba maji yamechafuka, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Baadaye kaunti ilichukua hatua kubwa zaidi. Ilinunua viwanja ambavyo nyumba zake zilikuwa zimebomolewa kando ya kijito cha San Ysidro, ikachimba mtego mpya wa Randall Road, uliokamilika 2022. Pale ambapo familia zilikuwa zikiishi, sasa pana shimo lililoachwa tupu kwa makusudi.

Jaribio lake halikuchelewa. Januari 9, 2023, miaka 5 kamili tangu siku ya msiba, tufani kubwa ilifika Montecito na mji mzima ukaamriwa kuhama. Mvua ilikuwa nyingi sana, mitego ikanasa, na mji haukupata maafa yaliyofanana na ya 2018. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba mlima ulikuwa umeanza kuota vichaka tena, hivyo sifa zote si za mitego. Lakini mara mvua ilipopungua, malori yalirudi barabarani kuizoa upya. Hilo ndilo ninalotaka lionekane. Ushindi wa Januari 9 ulidumu muda wa siku chache tu. Baada ya hapo mitego ilikuwa mashimo yaliyojaa mawe, na kazi ikaanza mwanzo.

Wapo wanaopinga, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Wanasema kwamba tope lazima liende mahali, na mahali hapo huwa na uhai wake. Januari 2011, katika mji wa Arcadia, Kaunti ya Los Angeles ilikata ekari 11 za miti, mingi yake ikiwa mialoni mikongwe, ili kupata pa kumwaga mashapo yaliyozolewa katika bwawa la Santa Anita. Waandamanaji walipanda juu ya miti wakakamatwa. Wanasema pia kwamba mchanga unaonaswa milimani ni mchanga ambao ungefika pwani, na fuo zinazokosa mchanga huliwa na mawimbi. Fauka ya hayo, mtego huwapa watu usingizi mzito: mnunuzi wa nyumba huuona ukingo imara juu ya mtaa wake akadhani mlima umefungwa kamba. Hoja hizi zote ni za kweli. Pengine jawabu la haki lingekuwa kutojenga kabisa kwenye mdomo wa korongo, kama Montecito ilivyofanya kwa kuchelewa kwenye Randall Road. Lakini mtu ambaye amekwisha kujenga, na watoto wake wamelala ndani, hawezi kuambiwa angoje mpaka mjadala wa mipango ya miji umalizike. Wingu likitanda usiku wa leo, anachohitaji ni shimo tupu juu ya nyumba yake na uamuzi wa kuondoka mapema.

Januari 7, 2025 mioto mikubwa ilizuka Pacific Palisades na Altadena, ikaharibu majengo zaidi ya 16,000 na kuua watu wasiopungua 30. Moto wa Altadena ulikuwa chini ya milima ile ile ya San Gabriel, karibu na makorongo yale yale yenye mitego. Wafanyakazi wa kaunti waliingia kazini kuizoa hata kabla wakazi wengi hawajaruhusiwa kurudi kuyatazama majivu ya nyumba zao. Februari 13, majuma matano tu baadaye, mvua ilinyesha. Tope lilifunika sehemu za barabara ya pwani, na huko Malibu gari la idara ya wazimamoto lilisukumwa mpaka baharini. Dereva wake alinusurika. Tangu 1934 mpaka 2025 ni miaka 91, na mwendo ni ule ule: moto, kisha mvua, kisha koleo.

Msomaji wa Kenya ataniuliza: haya yatuhusu nini sisi, ambao milima yetu ina misitu ya aina nyingine na mvua ya majira mengine? Sidai kwamba mitego ya California ihamishiwe kwetu. Nadai kwamba tunalijua tatizo lake kwa jina jingine. Aprili 29, 2024, usiku wa manane, maji na tope viliteremka katika eneo la Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, vikawaua watu zaidi ya 40. Habari za kwanza zilisema kwamba bwawa limevunja kingo zake. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba halikuwa bwawa: ni njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli, iliyozibwa na magogo, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa. Hapakuwa na moto huko, na chanzo kilikuwa mvua kubwa. Lakini tundu lililozibwa la Mullally na tundu lililozibwa la Mai Mahiu ni ndugu. Njia ya maji isiyozibuliwa hugeuka kuwa bwawa ambalo hakuna aliyelijenga, hakuna aliyelipima, na hakuna anayelilinda.

Walimu wenzangu wa Kiswahili hufundisha kauli ya kutendua. Tunawaambia wanafunzi kwamba ziba huzaa zibua, fukia huzaa fukua, tega huzaa tegua. Aghalabu tunaifundisha kama kiambishi cha kukariri kwa ajili ya mtihani, kana kwamba kutendua ni kuharibu kilichotendwa. Lakini katika jambo tunalolizungumzia, kutendua ndiyo kazi yenyewe. Mlima hufukia, binadamu hufukua. Mvua huziba, binadamu huzibua. Lugha yetu imeipa kazi hii umbo lake kamili la kitenzi, ingawa jamii zetu haziipi heshima yake. Kiongozi hufika kukata utepe wakati daraja linapofunguliwa, akapigwa picha, jina lake likachorwa kwenye jiwe. Sijapata kuona utepe ukikatwa kwa sababu kalvati limezolewa matope. Anayelizoa huvaa buti za mpira, hulipwa ujira mdogo, na akiifanya kazi yake barabara hakuna kitu kinachotokea. Kwa kuwa hakuna kilichotokea, mwaka unaofuata bajeti yake hupunguzwa.

Ndiyo maana nawaandikia walimu na wanafunzi kabla ya kuwaandikia mawaziri. Karibu kila shule ya nchi hii ina mtaro unaopita kando ya ua wake, au kalvati chini ya barabara iendayo langoni. Mwalimu wa jiografia awapeleke wanafunzi wake huko mwezi wa pili, kabla ya mvua za masika. Wapime upana wa tundu, kisha wapime upana wa nafasi iliyobaki wazi. Wakokotoe ni asilimia ngapi imekwisha kuliwa na mchanga, majani na chupa za plastiki. Kisha wailinganishe hesabu yao na ile kanuni ya asilimia 25 na asilimia 5, wajiulize kama kwenye mlima ulio juu yao kuna kovu lolote: msitu uliokatwa, mteremko uliolimwa bila matuta, kichaka kilichochomwa ili kuota nyasi mpya. Matokeo wayaandike kwa Kiswahili sanifu na kuyapeleka kwa chifu na kwa afisa wa kaunti anayehusika. Hiyo itakuwa insha yenye manufaa kuliko nyingi tunazosahihisha.

Wanafunzi hao wakikuta tundu limejaa, wasingoje majibu ya barua. Waanze kulizoa siku hiyo hiyo, pamoja na mwalimu wao, ikiwa jua linawaka na maji hayajaanza kupita.